Picha ya Kuwashia Kompyuta na Yaliyo Nyuma Yake

Utangulizi

Wenzetu wengi katika kazi hii ya ualimu huenda wakashangaa kuona kwamba tumechagua kuandika, katika jarida lihusulo mbinu za kufundishia, juu ya kitu kidogo kama picha ionekanayo kwenye kioo cha kompyuta mara mtu aiwashapo. Picha hiyo haidumu. Aghalabu hukaa chini ya dakika moja, kisha huondoka na kumwachia mtumiaji nafasi ya kufanya kazi yake. Haifundishi hesabu wala haiandiki barua. Hata hivyo picha hiyo ndiyo iliyotupa somo kubwa kuliko yote tuliyoyapata tangu tuanze kazi ya ukufunzi, na somo lenyewe tulilipata kwa gharama ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo tumeona si haki kukaa nalo kimya.

Hatuna nia ya kujidai kuwa mabingwa wa kompyuta. Stashahada yetu ni ya elimu, na ufundi wa mitambo hatukuusomea. Tuyajuayo tuliyaokota njiani, kama walimu wengi wa umri wetu walivyoyaokota. Tunaloweza kulieleza kwa hakika ni yale tuliyoyaona chumbani mwetu, makosa tuliyoyafanya, na jinsi tulivyolibadili somo baadaye.

Mwembe wa kwanza

Mwaka 2007 tulikuwa tukisomea stashahada katika chuo kimoja cha ualimu cha nyanda za juu. Chuo kilikuwa na kompyuta kumi na mbili, zote zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine kabla ya kutufikia sisi, nazo zilitumia programu ya Windows 98. Kila moja ilipowashwa ilionyesha mawingu meupe katika anga ya buluu pamoja na nembo ya watengenezaji. Chini ya mawingu hayo ulipita utepe wa rangi, kutoka upande mmoja wa kioo kwenda wa pili, bila kuchoka.

Mwanachuo mwenzetu mmoja alikuwa na kaka yake mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala mjini. Huko ndiko alikojifunza kwamba mawingu yale yaweza kuondolewa. Siri yenyewe ilikuwa nyepesi. Mtu akiweka mwanzoni mwa diski ya C, nje ya folda zote, faili la picha lenye jina LOGO.SYS, kompyuta huionyesha picha hiyo badala ya ile iliyofichwa ndani ya programu. Akilifuta faili hilo, mawingu hurudi kama yalivyokuwa. Jina la faili lilitisha, kwa kuwa lilifanana na majina ya mafaili ya mfumo ambayo tulikuwa tumekatazwa kuyagusa. Lakini ndani yake hamkuwa na kitu ila picha ya kawaida, ya aina ile ile tuliyokuwa tukiichora katika Paint.

Taabu ilikuwa katika vipimo. Picha ilitakiwa iwe na nukta 320 kwa upana na 400 kwa kwenda juu, na rangi zisizozidi 256. Vipimo hivyo havilingani na umbo la kioo, ambacho ni kipana kuliko kirefu. Kompyuta yenyewe ndiyo huivuta picha hadi ijae. Kwa hiyo tulilazimika kuchora picha ya nukta 640 kwa 480, kisha kuubana upana hadi asilimia 50 na urefu hadi asilimia 83. Asilimia 83 ya 480 ni 398 na kidogo, si 400. Tukawa tumepungukiwa na mistari miwili, na ikabidi tuiongeze kwa mkono. Faili lilipokamilika lilikuwa na baiti 129,078, si zaidi wala si pungufu. Mkufunzi wetu alituagiza tuhakikishe hesabu hiyo ubaoni: nukta 128,000 kwa baiti moja moja, orodha ya rangi baiti 1,024, na utangulizi wa faili baiti 54. Kwa wengi wetu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutambua kwamba picha iliyo ndani ya kompyuta ni hesabu tupu.

Tulichora mwembe mkubwa uliokuwa mbele ya ofisi ya Mkuu wa Chuo, na chini yake tukaandika "Karibuni". Siku ulipotokea mwembe mahali pa mawingu, darasa zima lilipiga makofi, na Mkuu wa Chuo akaja kuutazama.

Mambo mawili yalitokea katika siku zile ambayo tuliyacheka na kuyasahau. La kwanza, mwenzetu yule alitueleza kwamba utepe ule wa chini hautembei kabisa. Rangi chache za mwisho wa orodha ndizo zinazobadilishana nafasi, na jicho hudanganyika kuona mwendo. Utepe haupimi kazi. Ungeendelea kupita vile vile hata kama kazi iliyo nyuma yake imekwama. La pili, mtu alibonyeza kitufe cha Esc wakati mwembe ungali kiooni. Mwembe ukatoweka, na mahali pake yakaonekana maandishi meupe katika weusi. Tulimkemea. Maandishi yale tuliyaona kama jiko la mwenyeji wetu, mahali ambapo mgeni hakaribishwi kuchungulia.

Katika ukufunzi

Tulianza kazi ya ukufunzi mwaka 2014, na mwaka 2016 chuo tulichopangiwa kilipokea kompyuta ishirini zilizokwisha kutumika. Tuliziwekea mfumo wa Ubuntu, ambao ni wa aina ya Linux, kwa kuwa haununuliwi na mtu yeyote anaruhusiwa kuubadili apendavyo.

Wiki za kwanza zilituvunja moyo. Wanachuo waliingia chumbani, wakakaa mbele ya mashine, wakaweka mikono mapajani. Walingoja. Mmoja alinyosha kidole kuomba ruhusa ya kugusa kipanya. Walipozungumza juu ya mashine zile waliziita "kompyuta za mradi", na kitu cha mradi, kama ijulikanavyo na kila aliyekulia kijijini, kina mwenyewe, naye siku moja atakuja kukidai. Hapo ndipo tulipoukumbuka mwembe. Tuliamua kwamba kazi ya kwanza ya vitendo, kabla ya kuandika barua na kabla ya kutengeneza majedwali, iwe ni kuibadili picha ya kuwashia.

Katika Ubuntu kazi hiyo haifanani na ile ya Windows 98. Picha ya kuwashia huonyeshwa na programu iitwayo Plymouth, iliyoanza kutumika katika Fedora 10 mwaka 2008 na kuingia katika Ubuntu 10.04 mwaka 2010. Kila sura ina folda yake, na ndani ya folda mna picha pamoja na maagizo mafupi ya jinsi ya kuzipanga kiooni. Msimamizi wa mashine akiisha kuchagua sura mpya, hana budi kulifunga upya furushi dogo liitwalo initramfs, ambalo kompyuta hulipakia katika kumbukumbu kabla haijaufungua mfumo mkuu ulio kwenye diski. Asipolifunga upya, picha ya zamani ndiyo itakayorudi. Jambo hilo liliwapata wanachuo wetu wengi, na mmoja alisema kwa huzuni kwamba kompyuta imemkataa.

Tulichora mwembe tena, maana chuo hiki nacho kilikuwa na wake. Chini ya mwembe tuliviacha vinukta vitano vya Ubuntu, vile vinavyowaka na kuzimika kwa zamu.

Matokeo yalizidi matarajio yetu. Wanachuo walianza kufika kabla ya saa. Walileta vitambaa vya kufunikia mashine dhidi ya vumbi. Muhimu zaidi, hatukusikia tena maneno "kompyuta za mradi". Sasa zilikuwa "kompyuta zetu", na kila kikundi kiliijua yake kwa namba. Tuliandika habari hiyo katika taarifa ya mwaka, tukajisifu kidogo. Kwa kweli hata leo hatuoni kwamba tulikosea katika hilo. Tulikosea katika jambo jingine.

Kompyuta namba saba

Mwaka 2017 darasani mwetu alikuwamo mama mmoja, mwalimu wa daraja la A, ambaye alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na mitatu kabla ya kuja kujiendeleza. Alituzidi umri. Kwa hiyo nje ya darasa sisi ndio tuliomwamkia, na ndani ya darasa yeye alituita Mwalimu, na mpango huo haukumpa taabu yeyote kati yetu. Hakuwa amegusa kompyuta maishani mwake. Alichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, akitamka kila herufi kwa midomo kama afanyavyo mtoto wa darasa la kwanza, na mwenyewe alilitambua jambo hilo akalicheka. Alikuwa akiandika taarifa ya utafiti wake juu ya watoto wa darasa la pili wasioweza kusoma. Kila jioni, baada ya chakula, alikaa mbele ya kompyuta namba saba. Majani ya mwembe wa picha yetu ni yeye aliyeyachora.

Ikawa kompyuta namba saba imeanza kukawia. Hapo awali iliwaka kwa muda usiofika dakika moja. Sasa ilichukua dakika tatu, halafu tano. Mwembe ulionekana upesi kama kawaida, na vinukta vitano viliendelea kupokezana chini yake kwa utaratibu ule ule. Jioni moja alituita.

"Mwalimu, hii ya kwangu siku hizi ina nini?"

"Inapakia, Mama," tulimjibu. "Unaviona vinukta vinakwenda? Maadamu vinakwenda, haina neno. Subiri kidogo."

Akasubiri. Baada ya siku chache alituuliza tena, nasi tukamjibu vile vile, safari hii bila kuinuka kitini.

Siku kumi kabla ya tarehe ya kukabidhi taarifa, mwembe ulitokea, vinukta vikaenda, vikaendelea kwenda mpaka jenereta ilipozimwa saa nne ya usiku. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mama yule alikuwa amekwisha kuchapa kurasa 41. Hazikuwapo mahali pengine popote, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumepiga marufuku flashi chumbani kwa kuhofia virusi, wala hatukuwa tumeandaa njia nyingine ya kutunza nakala. Karatasi ya sheria hiyo ilikuwa mlangoni, kwa mwandiko wetu.

Tulimwita fundi kutoka mjini. Aliiwasha mashine, akautazama mwembe kwa nukta moja, kisha akabonyeza Esc. Mwembe ukaondoka. Kiooni yakaanza kushuka maandishi meupe, na karibu kila mstari ulisema jambo lile lile: kusoma diski kumeshindikana, katika sehemu namba fulani, kusoma diski kumeshindikana, katika sehemu namba fulani. Fundi alituuliza hali hiyo ilianza lini. Tulimwambia kwamba ni wiki ya tatu sasa.

"Basi imekuwa ikiwaambia kila mlipoiwasha," alisema.

Aliitoa diski, akaifunga katika mashine nyingine, akahangaika nayo tangu adhuhuri hadi magharibi. Alichookoa ni kurasa 12 za mwanzo, kutoka katika nakala ya zamani.

Tulikwenda wenyewe kumpa habari. Tulimkuta nyuma ya bweni akifua. Hakulia wala hakutulaumu. Alijifuta mikono kwa khanga, akauliza, "Kwa hiyo wakati ule ikikawia, ilikuwa inasema?"

"Ilikuwa inasema, Mama."

"Na sisi tukautazama mwembe."

Neno hilo "sisi" lilitukata maini, kwa maana yeye alikuwa ameuliza, tena mara mbili. Aliyejibu bila kutazama hakuwa yeye.

Mkuu wa Chuo alimwongezea wiki mbili. Kwa bahati data zake zilikuwa katika daftari, kwa mkono. Kwa usiku tisa tulikaa naye, yeye akisoma nasi tukichapa, na katika kuchapa huko ndiko tulikousoma utafiti wake kwa makini kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameeleza kwamba watoto wengi waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma walikuwa wakiimba ukurasa kwa ghibu, huku kidole kikiwa katika mstari mwingine kabisa. Wengine walisoma picha iliyo juu ya maneno: wakiona mbuzi na kamba, walitamka sentensi ya mbuzi na kamba. Alipoifunika picha kwa kipande cha karatasi, wengi wao walinyamaza. Tulichapa sentensi hiyo, tukasimama kidogo. Yeye aliendelea kusoma sentensi iliyofuata.

Taarifa ilikabidhiwa, akafaulu, akarudi kufundisha.

Tulivyolibadili somo

Baada ya tukio hilo tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiondoa picha katika kompyuta zote na kupiga marufuku kazi ya kuibadili. Ya pili ilikuwa kuifundisha picha pamoja na kile inachokifunika. Tuliwapa wanachuo nafasi ya kulijadili jambo hilo. Wengine walitaka mwembe ufutwe kabisa. Wengine walisema kwamba bila mwembe mashine zingerudi kuwa za mradi. Tuliona pande zote mbili zina haki, na somo la sasa limejengwa juu ya haki hizo mbili. Twaeleza hatua zake kwa ufupi, ili anayependa aweze kulijaribu.

Hatua ya kwanza ni kuiwasha kompyuta bila picha. Mwanachuo huifungua orodha ya GRUB, ambayo ni programu inayoanza kabla ya mfumo wenyewe, hubonyeza herufi "e", na katika mstari wa maagizo huyafuta maneno mawili, "quiet" na "splash". La kwanza huiamuru mashine ipunguze maneno. La pili huiamuru ionyeshe picha. Kisha hubonyeza F10, na mashine huwaka huku ikieleza kila inachokifanya. Uzuri wa njia hii ni kwamba badiliko hudumu kwa safari moja tu. Mashine ikizimwa na kuwashwa tena, kila kitu kimerudi mahali pake. Mwanafunzi mwoga huhitaji kujua kwamba yuko mahali ambapo kosa lake linaweza kufutika.

Hatua ya pili ni kusoma. Maandishi ni ya Kiingereza na yanapita kwa kasi, na hapo mwanzo wanachuo hudhani ni lazima wayaelewe yote. Sivyo. Twawaagiza watafute mambo manne tu: kumbukumbu, diski, kibodi na mtandao. Mbele ya mistari mingi, ndani ya mabano, kuna hesabu ya sekunde tangu kiini cha mfumo kianze kazi. Nao huzinukuu na kulinganisha kompyuta moja na nyingine, na wenye kuchukua somo la hisabati huchora grafu. Baadaye hutokea mistari yenye neno la kijani la kukubali au neno jekundu la kushindwa. Kila kikundi hutafsiri mistari mitano kwa Kiswahili na kuibandika ukutani. Ukuta wetu sasa una msamiati ambao hatukuupata katika kitabu chochote.

Hatua ya tatu ni kutunza nakala, ya kazi zao wenyewe kwanza, kisha ya sura ya zamani ya kuwashia. Kazi ya mwanachuo isiyo katika mahali pawili tunaihesabu kuwa haijafanywa. Ile karatasi ya mlangoni tuliichana. Badala yake flashi hukaguliwa kabla ya kutumiwa.

Hatua ya nne ndiyo ya kuchora picha mpya na kuiweka, na hatua ya tano ni kuiondoa na kuirudisha ya zamani. Hii ya mwisho wengi huiona ni adhabu, kwa kuwa wameipenda picha yao. Lakini anayejua kuweka bila kujua kuondoa hajajifunza kazi. Amejifunza nusu yake.

Zaidi ya hayo tumeweka zamu. Kila Jumatatu asubuhi wanachuo wawili huziwasha mashine zote, hubonyeza Esc, na kuandika katika daftari muda wa kuwaka na kila mstari mwekundu. Mwaka 2018 daftari hilo lilituonyesha kwamba kompyuta namba kumi na mbili imeongeza sekunde 40 kwa wiki mbili, na mistari ya diski imeanza kutokea. Tulihamisha kazi zote zilizokuwamo siku ile ile. Diski ilikufa baada ya siku sita, na hakuna mtu aliyepoteza hata ukurasa mmoja.

Tahadhari

Twawaomba wenzetu wasidhani kwamba kila kompyuta yaweza kuchezewa namna hii. Katika Windows 98 picha ilikaa katika faili la pembeni, na kulifuta hakukuwa na madhara. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, picha ilikuwa ndani ya faili la kiini cha mfumo wenyewe. Mtu aliyelihariri na kukosea aliweza kuufanya mfumo wote usiwake. Katika mashine za siku hizi, nembo ya mtengenezaji ionekanayo mwanzo kabisa hutunzwa katika programu ya ubao mkuu, na zoezi likikatika katikati, kwa mfano kwa kukatika umeme, ubao waweza kuharibika. Mambo hayo si ya darasani. Twashauri mwalimu achague mfumo ambao picha yake iko mbali na kiini, aanze na mashine moja isiyo na kazi ya mtu, na asianze siku ambayo umeme hauna uhakika.

Darasani kwingine

Tulipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata, tulijikuta tukitazama masomo kwa jicho jingine. Mwalimu mwanafunzi mmoja alianza somo lake la hesabu kwa wimbo mzuri. Zana zake zilikuwa za rangi, andalio lake la somo safi. Kila alipouliza, "Tumeelewana?", darasa lilijibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Miaka ya nyuma tungempa alama za juu na kuondoka. Safari hii tuliomba madaftari ya watoto watano wa viti vya nyuma. Wanne kati yao walikuwa wamenakili mfano wa ubaoni na kuandika majibu ya kubahatisha chini yake.

Hatukumlaumu, kwa maana tulijua tumetoka wapi. Tulimwambia tu kwamba wimbo ule ni mzuri, na asiuache. Ila "Ndiyo, Mwalimu" haipimi kazi, kwa sababu ingesikika vile vile hata kama hakuna aliyeelewa. Apite kati ya madawati. Asome madaftari wakati somo linaendelea, si jioni. Mtoto anayekawia amwendee akaone ana nini, asimjibu akiwa amekaa.

Hitimisho

Hatusemi kwamba picha ni mbaya. Mwanafunzi huhitaji mlango mzuri wa kuingilia, na kitu alichokichora kwa mkono wake humpa haki ya kuingia. Tunalosema ni kwamba mwalimu aliyeipamba picha hiyo ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kujua inafunika nini, na kuwaonyesha wengine jinsi ya kuifunua.

Mwembe ungali unatokea katika kompyuta za chuo chetu, ingawa nyingi za zile za mwaka 2016 zimekwisha kuondolewa na nyingine kuletwa mahali pake. Kila mwaka wanachuo wapya huuchora upya wapendavyo, na matawi hayafanani. Jambo moja halibadilishwi. Chini ya shina, mahali ambapo zamani tuliandika "Karibuni", sasa pana maneno mawili yaliyopendekezwa na darasa lile la mwaka 2017: "Bonyeza Esc". Wageni hutuuliza maana yake, nasi huwaalika wabonyeze.

Wenzetu wa vyuo vingine walio na mazoezi ya namna hii tungefurahi kuyasoma katika kurasa hizi, hasa yale yaliyoharibika kwanza.